Camille Claudel alikuwa fundi, si kivuli cha Rodin

KATIKA sinema nyingi zinazosimulia maisha ya wasanii mashuhuri, mwanamke hutengewa kazi moja tu. Huketi mbele ya msanii akachorwa au akachongwa, hupendwa kwa muda, huachwa, kisha hulia na kutoweka. Watu wa Ulaya wana jina maalumu la kumwita mwanamke huyo, jina walilolirithi kutoka kwa miungu wa kike wa Wayunani wa kale, waliosadikiwa kuwapulizia washairi na wasanii vipawa vyao. Kwa Kiswahili twaweza kusema kwamba yeye ndiye chemchemi ya sanaa ya bwana huyo. Ni sifa inayopendeza masikioni. Lakini, ndugu msomaji, watu huyanywa maji ya chemchemi wakamshukuru aliyeyateka.

Nimeyawaza haya baada ya kuitazama tena sinema ya Kifaransa iitwayo Camille Claudel, iliyotoka mwaka wa 1988. Iliongozwa na Bruno Nuytten, ambaye hadi wakati huo alijulikana kuwa mpiga picha hodari wa sinema, na hii ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza. Isabelle Adjani aliigiza Camille, naye Gérard Depardieu akaigiza mchongaji Auguste Rodin. Mwaka wa 1989 Adjani alituzwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Berlin, akashinda pia tuzo ya César nchini kwao Ufaransa, kisha jina lake likapendekezwa kwa tuzo ya Oscar kule Marekani. Heshima hizo alizistahili. Hata hivyo, sinema yenyewe ina milima na mabonde, na kasoro yake kubwa ni ile ile waliyokuwa nayo watu waliomzunguka Camille enzi za uhai wake. Ili kasoro hiyo ionekane, sharti kwanza tuyajue maisha ya mwanamke mwenyewe.

Camille Claudel alizaliwa tarehe 8 Desemba 1864 huko Fère-en-Tardenois, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, Louis-Prosper, alikuwa mtumishi wa serikali aliyeshughulika na usajili wa rehani na mali. Mama yake alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza, mvulana aliyefariki akiwa mchanga, mwaka mmoja kabla ya kumzaa Camille. Baada ya Camille walifuata Louise na Paul. Paul, aliyezaliwa mwaka wa 1868, ndiye aliyekuja kuwa mshairi, mwandishi wa tamthilia na balozi anayejulikana kote ulimwenguni. Baba alikiamini kipaji cha binti yake tangu mwanzo. Mama hakukiamini, na mapenzi baina ya wawili hao hayakupata kamwe kuwa na joto.

Utotoni, katika kijiji cha Villeneuve-sur-Fère, Camille alikuwa akichimba udongo na kufinyanga sanamu. Hakuna aliyemfundisha. Alifinyanga watu aliowasoma vitabuni, kama vile Napoleon na Bismarck, akawashurutisha wadogo zake kumsaidia kukanda udongo na kukaa tuli ili awafinyange. Mwaka wa 1876 jamaa hiyo ilihamia mji wa Nogent-sur-Seine, na huko mchongaji Alfred Boucher akaziona kazi za msichana huyo. Alitambua papo hapo kwamba huo haukuwa mchezo wa kitoto, akamshauri baba yake amwendeleze.

Mwaka wa 1881 mama na watoto walihamia Paris, baba akibaki kazini mkoani ili awakimu. Hapa walimu na wanafunzi wanafaa kutua kidogo. Chuo kikuu cha sanaa cha serikali mjini Paris wakati huo hakikuwakubali wanawake. Kilianza kuwapokea mwaka wa 1897, Camille akiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Basi alijiunga na chuo cha kibinafsi cha Colarossi, kilichowaruhusu wasichana kujifunza kwa kuutazama mwili wa binadamu kama walivyofanya wavulana. Aidha, alikodi karakana pamoja na wasichana wengine, wakiwemo Waingereza, mmoja wao akiwa Jessie Lipscomb, na Boucher akawa anapita kuwasahihisha kazi zao. Boucher alipoondoka kwenda Italia, alimwomba rafiki yake ashike nafasi hiyo ya ualimu. Rafiki huyo alikuwa Auguste Rodin.

Rodin alikuwa amemzidi Camille kwa miaka 24. Serikali ilikuwa imemwagiza mwaka wa 1880 atengeneze mlango mkubwa wa shaba nyeusi, ule ujulikanao kama Lango la Jehanamu, na kazi nyingine zilikuwa zikimjia kwa wingi. Mtu mmoja hawezi kuzimaliza kazi za namna hiyo. Sanamu huanza kwa udongo, hutolewa nakala ya plasta, kisha ama huchongwa upya katika marumaru kwa tindo na nyundo, ama hupelekwa kwa wahunzi ikamiminwa shaba. Kila hatua ina mafundi wake. Kwa hiyo karakana ya Rodin ilikuwa imejaa wasaidizi, na mnamo mwaka wa 1884 Camille akawa mmoja wao. Rodin alimkabidhi kazi ambayo mafundi huiogopa kuliko zote, yaani mikono na miguu. Baadhi ya viungo vya sanamu zake kubwa za miaka hiyo vilipitia vidoleni mwa binti huyu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushei.

Mapenzi yalizuka baina yao. Rodin alikuwa akiishi na mwanamke aitwaye Rose Beuret tangu mwaka wa 1864, mwaka ule ule aliozaliwa Camille, na walikuwa na mtoto wa kiume. Mnamo Oktoba 1886 Rodin alimwandikia Camille hati ya ahadi: kwamba hatamfundisha mwanafunzi mwingine isipokuwa yeye, kwamba atamlinda na kumtafutia wateja, na kwamba atamwoa. Ahadi ya ndoa haikutimizwa. Rodin alimwoa Rose Januari 1917, majuma mawili tu kabla ya bibi huyo kuaga dunia, naye mwenyewe akafariki Novemba mwaka huo huo.

Nisingependa msomaji adhani kwamba miaka hiyo ilikuwa ya machozi matupu. Ilikuwa miaka ya kazi. Mwaka wa 1888 Camille alionyesha hadharani sanamu ya Sakuntala, aliyoitoa katika tamthilia ya kale ya Kihindi ya Kalidasa: mume amepiga magoti mbele ya mke aliyemsahau, naye mke anamwinamia kwa msamaha. Sanamu hiyo ilimpatia cheti cha heshima katika maonyesho makuu ya sanaa mjini Paris. Wakati huo huo Rodin alikuwa akiichonga sura ya Camille mara kwa mara. Kazi moja kati ya hizo, iitwayo Fikra, ni kichwa cha Camille kikichomoza juu ya bonge la marumaru lisilochongwa. Kidevu kimegusa jiwe. Mabega hayapo, kifua hakipo, na mikono haipo. Ni kazi nzuri mno. Hata hivyo, kila nionapo picha yake huwa nastaajabia jambo moja: mwanamke aliyemfinyangia Rodin mikono ya sanamu zake, yeye mwenyewe alichongwa bila mikono.

Kuanzia mwaka wa 1892 wawili hao walianza kutengana, na kufikia mwaka wa 1898 uhusiano ulikuwa umekwisha. Camille alitaka kusimama peke yake, na alisimama. Alichonga Dansi ya Wawili, mwanamume na mwanamke wakizunguka kana kwamba upepo unawabeba. Afisa wa serikali aliyetumwa kuikagua alidai kwamba miili ile ya uchi haikuwa na staha, hivyo Camille akalazimika kumvika yule mwanamke sketi inayopepea kabla ya sanamu kuonyeshwa mwaka wa 1893. Rodin alichonga miili ya uchi maisha yake yote, na serikali iliendelea kumpa kazi. Kilichokuwa ujasiri kwa mwanamume kilihesabiwa utovu wa adabu kwa mwanamke.

Baadaye Camille aligeukia mambo madogo ya maisha ya kila siku, jambo ambalo Rodin hakulifanya. Aliwaona wanawake wamekaa katika behewa la gari la moshi, akawafinyanga wanne wameinamiana, mmoja akisimulia siri na watatu wakisikiliza kwa mwili mzima. Kisha akachonga wanawake watatu wadogo chini ya wimbi kubwa, wimbi lenyewe akilichonga katika jiwe la kijani lililo gumu mno kwa tindo. Asemaye kwamba kazi hizi ni mwangwi wa Rodin hajazitazama.

Kazi yake kuu ni Umri wa Utu Uzima. Mwanamume amezeeka na anavutwa na bibi kizee; nyuma yake msichana amepiga magoti, amenyoosha mikono yote miwili kumwelekea. Kati ya vidole vya msichana na mkono wa mwanamume pana nafasi ndogo ya hewa tupu. Watu wengi huitazama sanamu hiyo wakasema, huyu ni Rodin, yule ni Rose, na aliyepiga magoti ni Camille. Huenda ni kweli. Lakini hebu tuutazame ufundi. Katika sanamu nzito kama hiyo, jambo gumu kuliko yote ni kuifanya hewa iseme, na nafasi ile ndogo ndiyo inayosema. Serikali ilimwagiza plasta ya sanamu hiyo mwaka wa 1895, lakini agizo la kuimimina kwa shaba likafutwa mwaka wa 1899. Shaba ya kwanza ilipatikana mwaka wa 1902, tena kwa fedha za mtu binafsi.

Hapo ndipo tunapoona ubaya wa fani hii kwa mtu asiye na mali. Mshairi maskini anahitaji karatasi na kalamu. Mchongaji anahitaji marumaru, wasaidizi, kodi ya karakana na malipo ya wahunzi, na katika Ufaransa ya zama hizo mteja mkubwa alikuwa serikali. Mwanamke aliyekosa agizo la serikali alibaki na plasta zake. Baba yake aliendelea kumsaidia kwa fedha. Eugène Blot, mfanyabiashara wa sanaa, alimwandalia maonyesho mwaka wa 1905, lakini mauzo yalikuwa haba.

Wakati huo Camille alikuwa akiishi peke yake kwenye kisiwa cha Saint-Louis, katikati ya Paris. Akili yake ilianza kuugua. Aliamini kwamba Rodin na wafuasi wake wanamwibia mawazo, na kwamba wanataka kumtilia sumu. Alijifungia madirisha, akawa anafinyanga sanamu na kisha kuzivunja kwa nyundo, mwaka baada ya mwaka. Haki itendeke pande zote: Rodin alikuwa amemtafutia msaada mara nyingi, hata kwa siri, na tuhuma ya sumu haikuwa na msingi. Ugonjwa ulikuwepo. Swali ni je, mgonjwa alitendewa nini?

Baba yake alifariki tarehe 2 Machi 1913. Camille hakuarifiwa. Tarehe 10 Machi, siku nane tu baadaye, watu waliingia chumbani mwake wakamchukua kwa nguvu hadi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ville-Évrard. Sheria ya Ufaransa ya mwaka wa 1838 iliruhusu mtu kufungiwa kwa ombi la jamaa likiambatana na cheti cha daktari. Mama yake ndiye aliyetia sahihi, Paul akiunga mkono. Mlinzi alikuwa amekwisha kufa, na watoto yatima wa baba, hata wakiwa na umri wa miaka 48, wanajua maana ya hilo.

Vita vikuu vilipozuka mwaka wa 1914 alihamishiwa kusini, katika hospitali ya Montdevergues karibu na Avignon. Huko alikaa hadi kufa kwake. Mama yake aliagiza kwamba asiruhusiwe kupokea wageni wala kuandikiana barua na watu wa nje. Hakuja kumwona hata mara moja, na alifariki mwaka wa 1929. Mnamo mwaka wa 1920 daktari wa hospitali alipendekeza kwamba mgonjwa ametulia na kwamba ajaribiwe kurudishwa kwa jamaa zake, mama alikataa. Camille aliandika barua baada ya barua akiomba kurudi Villeneuve, kijiji cha utotoni mwake. Paul, aliyekuwa balozi Tokyo, kisha Washington, kisha Brussels, alikuja kumtembelea mara chache kwa miaka yote hiyo. Jessie Lipscomb, yule rafiki wa karakana ya ujanani, alimfikia mwaka wa 1929 pamoja na mumewe, ambaye alimpiga picha. Katika picha hiyo Camille ameketi juu ya kiti, amejikumbatia, na mikono yake imetulia.

Ilitulia kweli. Kwa miaka 30 hakuchonga tena. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1943, akiwa na umri wa miaka 78, katika vita vya pili, wakati maelfu ya wagonjwa wa akili nchini Ufaransa walipokuwa wakifa kwa njaa mahospitalini. Alizikwa katika makaburi ya Montfavet bila jamaa kuhudhuria, na baadaye mabaki yake yakachanganywa na ya wengine katika kaburi la pamoja.

Sasa turudi kwenye sinema. Inaanza usiku, wakati wa baridi, Camille akiwa ndani ya shimo mjini Paris akichimba udongo kwa mikono na kuutia ndani ya sanduku la safari. Huo ni mwanzo uliojaa hekima, na Adjani aliuelewa kuliko yeyote. Katika uigizaji wake vidole ndivyo vinavyotangulia, uso ukifuata. Anaukanda udongo kama mtu mwenye njaa. Anamtazama Rodin kwanza kama fundi amtazamavyo fundi, akipima, na mapenzi yanakuja baadaye. Hata katika matukio ya wazimu hapigi kelele ovyo ovyo. Tunamwona mtu mwenye akili kali ambaye akili hiyo imeanza kumla mwenyewe. Depardieu naye anampa Rodin uzito wa mtu mkarimu na mchoyo kwa wakati mmoja.

Lakini filamu hiyo ya karibu saa tatu haimlingani mwigizaji wake. Muziki unatuamuru kulia kabla hatujapata sababu. Miaka inapita bila kutajwa, na mtazamaji asiyeijua historia hupotea njia. La kusikitisha zaidi ni kwamba baada ya ule mwanzo wa udongo, hadithi inageuka kuwa ya mapenzi na kuachwa, kana kwamba Camille alivunjwa na mwanamume mmoja tu. Kisha inakomea mlangoni mwa hospitali, na miaka 30 iliyofuata inaachiwa maandishi machache kwenye skrini. Ofisi zilizofuta maagizo, chuo kilichofunga milango, sheria iliyoruhusu kufungiwa, na sahihi ya mama: mambo hayo yamefifia nyuma ya Rodin. Mwaka wa 2013 Bruno Dumont alijaribu kuliziba pengo hilo kwa filamu ya maisha ya hospitalini, Juliette Binoche akiigiza Camille. Nayo makumbusho yenye jina la Camille yalifunguliwa mjini Nogent-sur-Seine mwaka wa 2017.

Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi moja. Tunapowapa wanafunzi kazi ya kuandika wasifu wa mtu, tuwafundishe kuhesabu vitenzi. Katika wasifu mwingi wa wanawake mashuhuri utakuta kauli ya kutendwa tupu: alipendwa, alichongwa, aliachwa, alisahauliwa. Wasifu wa Camille una vitenzi vyake vya kutenda, tena vingi: alichimba, alikanda, alifinyanga, alichonga, alivunja, aliandika. Mwanafunzi akivianza hivyo, atamkuta mtu.

Na pale ambapo kauli ya kutendwa haina budi kutumika, tuwakumbushe somo la darasani kwamba baada ya kitenzi hicho huweza kuja neno dogo la na, linalomtaja mtenda. Kusema tu kwamba Camille alifungiwa ni kumwachia mtenda njia ya kutorokea. Alifungiwa na nani? Alinyimwa barua na nani? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo kuhusu mwanamke wa Ufaransa aliyekufa mwaka wa 1943, hatashindwa kuuliza hivyo kuhusu jirani yake.